Mume Wangu Anakunywa Ili Apate Usingizi



Mwezi huu nimeziweka kando barua nyingine zote nijibu moja tu, kwa maana naamini wako wengi ambao wangeweza kuiandika wao wenyewe. Imetoka kwa mama mmoja wa Bonde la Ufa. Ana ndoa ya kanisani, watoto wanne, na bwana yake ni fundi wa mawe. Anasema walipofunga ndoa mumewe alikuwa mtu wa chupa moja ya bia siku ya Krismasi, basi. Halafu yakaja yale ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba yao ilichomwa, ndugu wa mumewe akauawa mumewe akiona, nao wakakaa hemani miezi mingi.

"Tangu hapo hanywi kwa furaha," mama huyu anaandika. "Anakunywa ili apate usingizi." Usiku anaamka akipiga kelele. Mlango ukibamizwa na upepo anaruka. Kila mwaka wa uchaguzi, yaani 2013, 2017 na 2022, mambo yalizidi. Mara tatu amesimama mbele ya altare akaahidi kuacha pombe, na mara tatu ameirudia. Mara ya mwisho hata wiki mbili hazikuisha. Mara mbili akiwa amelewa amempiga mkewe. Mama mkwe anasema mke ndiye mwenye kosa kwa kutojua kumtuliza mume. Wenzake wa jumuiya wanamwambia aongeze rozari. Sasa anauliza: "Je, nizidi kuomba, ama nimwache?"

Mama yangu, umeandika kurasa nne, lakini sentensi yako moja imenieleza zaidi ya zote. Anakunywa ili apate usingizi. Wengi wetu tukimwona mlevi huona pombe tu, tukapigana na pombe tu. Tunamwaga chang'aa, tunamgombeza mama pima, tunamwapisha mtu kanisani, kisha tunashangaa akirudi kule kule. Wewe umeona kwamba chini ya chupa kuna kidonda, na kwamba mumeo anakitibu kwa dawa ya pekee aliyoipata karibu. Dawa yenyewe ni mbaya. Pombe humlaza mtu upesi, lakini saa za usiku wa manane humwamsha na kumharibia usingizi, na ndoto huja kali kuliko zamani. Kesho yake anahitaji zaidi. Ndiyo sababu ahadi zake tatu zilivunjika. Aliahidi kuiacha dawa, na hakuna aliyekigusa kidonda.

Sisemi ahadi ni bure. Katika nchi yetu Wakristu wengi wamesaidiwa na Chama cha Pioneer, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898 na Padre James Cullen, Mjesuiti, na beji ya Moyo Mtakatifu kifuani imewaepusha vijana wengi na kilabu. Lakini mkumbuke Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, kibarua wa mji huo huo wa Dublin, ambaye Kanisa lilimtangaza Mwenye Heshima mwaka 1975. Alianza kunywa akiwa mtoto wa miaka 12. Alipoacha mwaka 1884, akiwa na miaka 28, hakuahidi maisha mazima. Aliahidi miezi mitatu. Ilipokwisha akaahidi tena, na hatimaye ndipo akaahidi ya maisha. Sisi tunamtaka mtu anayetetemeka asimame mbele ya waumini wote Jumapili aape mpaka kufa, halafu tumcheke akianguka Ijumaa. Huko ni kumwongezea aibu, na mlevi anakunywa aibu yake pia.

Fungua pamoja nami Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya ametoka katika mambo mazito. Ameona manabii wenzake wakiuawa, na yeye mwenyewe ameshiriki katika umwagaji wa damu pale Karmeli. Sasa malkia Yezebeli ameapa kumwua. Eliya anakimbia. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mretemu, na kumwomba Mungu amtoe uhai. Huyu ni nabii mkuu, si mtu wa imani haba! Basi asikuambie mtu kwamba mumeo anaota ndoto mbaya kwa sababu haombi vya kutosha.

Tazameni Mungu alivyomshughulikia. Hakumhubiria. Hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale kwanza. Kisha malaika akamgusa, na pale kichwani palikuwa na mkate wa moto na chupa ya maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula kingine, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu kupita nguvu zake. Safari hiyo ya kwenda Horebu ilichukua siku arobaini. Huko pangoni ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini hapo, na Eliya akasimulia yaliyompata. Mungu akamwuliza swali lile lile tena, naye Eliya akatoa jibu lile lile, karibu neno kwa neno. Wanaoishi na mtu aliyeumizwa wanajua jambo hili: hadithi ni ile ile, maneno ni yale yale, na jamaa wamechoka kuisikia. Mungu hakuchoka. Na mwisho hakumwacha na maneno matupu. Alimpa kazi ya kufanya na mwenzake wa kutembea naye, Elisha.

Usingizi na chakula kwanza, kuwa salama, kisha kusimulia kwa mtu asiyechoka, kisha kazi na wenzake. Nimeongea na washauri nasaha waliosomea kazi hiyo, nao huenda kwa njia iliyo karibu sana na hiyo. Hali ya mumeo ina jina kwao na ina tiba. Mtu aliyepitia kitisho cha kifo, akiendelea zaidi ya mwezi mmoja kuota yaliyotokea, kushtuka ovyo, kukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, kukasirika haraka ama kuwa kama aliyekufa ganzi, huyo ni mgonjwa wa kiwewe. Mshauri aliyefunzwa humsaidia kuyarudia yale polepole, kwa kiasi anachoweza, mpaka yawe mambo yaliyopita badala ya mambo yanayotokea kila usiku. Pengine daktari humpa dawa pia. Miaka mingi kupita si kitu. Nimeona waliosaidiwa baada ya miaka ishirini.

Lakini asilazimishwe kusimulia. Nasema hili kwa sababu ya mikesha yetu. Mtu anavutwa mbele ya umati, anaambiwa atoe ushuhuda wa yote yaliyompata, wengine wanakemea pepo wa pombe juu ya kichwa chake, na yeye anarudi nyumbani kidonda kikiwa wazi na hakuna wa kukifunga. Kanisa halidharau maombi ya uponyaji; lakini limeagiza daktari atangulie kabla ya mtu yeyote kutamka neno pepo, na hata hapo si kazi ya kila mwenye sauti kubwa.

Sasa, pombe yenyewe. Sikiliza hapa kwa makini, mama, wewe na wote wanaotaka kuwasaidia walevi wao kwa nguvu. Usimfungie mumeo chumbani ili aache ghafla. Mwili uliozoea pombe nyingi kila siku kwa miaka, ukikatiwa mara moja, huweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kwa kifafa, hasa katika siku mbili tatu za kwanza. Wengine wamekufa. Mtu wa namna hiyo huachishwa hospitalini, chini ya macho ya daktari. Pia usimtilie dawa ya kuchukia pombe katika chai kwa siri, kama akina mama wengine wanavyoshauriana. Dawa hizo zipo na daktari huzitoa, lakini kwa mtu anayejua na kukubali. Akinywa pombe juu yake bila kujua anaweza kupoteza maisha mikononi mwako. Na ikiwa anakunywa zile za bei ya chini zisizojulikana zimepikwa na nini, jua kwamba kiungulia si hatari kubwa. Mwaka 2014 watu wengi katika kaunti kadhaa walikufa kwa pombe yenye methanoli, na Februari 2024 ikawa vivyo hivyo Kirinyaga. Akisema macho hayaoni vizuri baada ya kunywa, usingoje asubuhi. Hospitali saa hiyo hiyo.

Wengine watauliza, mbona mambo ya hospitali katika ukurasa wa dini? Basi mjue jambo hili. Mwaka 1939, katika mji wa Akron, Marekani, hospitali hazikutaka walevi. Sista mmoja Mkatoliki, Sista Ignatia, aliyekuwa akiandikisha wagonjwa katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, alishirikiana na Daktari Bob Smith, ambaye yeye mwenyewe alikuwa mlevi aliyeacha, wakamwingiza mlevi wodini na kumwandika kwamba ana ugonjwa wa tumbo. Daktari Bob ndiye, pamoja na Bill Wilson, waliokuwa wameanzisha miaka minne mbele yake kile chama kinachojulikana dunia nzima kama AA, yaani walevi walioacha wanaosaidiana. Tangu hapo walevi kwa maelfu walipita mikononi mwa sista yule. Kila aliyetoka alipewa beji ya Moyo Mtakatifu, na sharti moja: kabla ya kunywa tena hata glasi moja, airudishe kwanza kwake mwenyewe. Angalieni hekima hiyo. Kitanda, daktari, wenzake waliopitia yale yale, na beji. Hakuchagua kimoja akatupa vingine. Bwana wetu naye alipomfufua Lazaro alimwita kwa sauti atoke kaburini, lakini zile sanda hakuzifungua mwenyewe. Aliwaambia waliosimama pale wamfungue. Rozari yako, mama, ni ya kumwita atoke. Sanda zinafunguliwa na mikono ya watu, na kuwatafuta watu hao si upungufu wa imani.

Je, ulevi wake ni dhambi au ni ugonjwa? Najua hili linakutesa, maana umeandika kwamba haendi kukomunika tena. Katekisimu yetu inafundisha kwamba hatia ya mtu juu ya tendo inaweza kupungua kwa sababu ya mazoea yaliyomshika, hofu, na mambo mengine ya nafsi. Mungu anajua lile la mwaka 2008 kuliko sisi. Basi aende kwa padre, katika sakramenti ya Upatanisho, bila kungoja kwanza awe safi. Hospitali haiwangoji wagonjwa wapone ndipo iwafungulie mlango. Ila padre katika kitubio anasamehe dhambi, na dakika zake ni chache. Asitarajie hapo ndipo atakapotibiwa kiwewe. Akitaka mazungumzo marefu aombe nafasi siku nyingine. Tena akianza kuacha pombe asiogope Ekaristi kwa sababu ya divai: akipokea katika umbo la mkate tu amempokea Kristu mzima. Hata mapadre wenye shida hii wanaweza kupewa na askofu wao ruhusa ya kutumia maji ya zabibu yasiyochacha bado kuwa divai.

Lakini ugonjwa haumpi mtu ruhusa ya kupiga. Hapa, mama, nakujibu swali lako la pili.

Kuomba na kuondoka si vitu vinavyopingana. Umefundishwa kwamba ndoa ni kifungo cha mpaka kufa, na ni kweli. Lakini Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 1153, inasema kwamba mmoja akimtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili, mwenzake anayo sababu halali ya kutengana naye. Na kama kungoja kuna hatari, anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo hakivunjiki. Ni malazi yanayotengana, na hatari ikiisha maisha ya pamoja yarudishwe. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo katika familia, aliandika kwamba pengine kutengana kwa namna hiyo hakuepukiki. Basi anayekuambia mwanamke Mkatoliki avumilie ngumi kama msalaba, mwulize amesoma wapi. Msalaba wa Kristu ulikuwa wa kuokoa watu, na kipigo chako hakimwokoi mumeo; kinamwongezea kitu kingine cha kuota usiku.

Kwa hiyo panga sasa, angali hajalewa. Jua ni kwa nani utakwenda na watoto usiku akianza. Vitambulisho, vyeti vya watoto na nauli viwe mahali unapoweza kuvichukua. Sheria ya nchi ya mwaka 2015 juu ya vurugu za nyumbani inakupa haki ya kuomba ulinzi wa mahakama, na simu namba 1195 hujibiwa bure usiku na mchana. Akishalewa usibishane naye, usimhoji, usimkumbushe ada ya shule. Maneno ni ya asubuhi. Kumwambia asubuhi, kwa sauti ya kawaida, "Ukinipiga tena nitalala kwa dada yangu na watoto, na nitarudi ukianza matibabu," ni neno la upendo kama utalitimiza. Usipolitimiza, amejifunza kwamba ni kelele.

Na kuna jambo moja lililonifanya nisimame katika barua yako. Unasema ulimpigia kontrakta simu ukamwambia mumeo ana malaria. Unasema deni la mama pima unalilipa kwa pesa za maziwa, kulinda jina la nyumba. Mama, najua umefanya kwa mapenzi. Lakini kila unapolipa, pombe yake inakuwa ya bure. Acha kontrakta asikie ukweli kutoka kwake mwenyewe. Acha deni liwe lake. Wake wa walevi wamekuwa na chama chao tangu mwaka 1951, kiitwacho Al-Anon, kilichoanzishwa na Lois, mke wa yule Bill Wilson, kwa sababu aligundua kwamba hata mume akiacha pombe, mke naye ana majeraha yake. Wewe pia ulikuwa kwenye lile hema. Wewe pia uliona moto. Nani amekuuliza unalalaje?

Jumuiya Ndogo Ndogo ingekuwa ndiyo mahali pa kuuliza hivyo. Mara nyingine ndiyo. Mara nyingine ndiko habari za nyumba yako zinakofika sokoni kabla yako. Chagua mama mmoja anayejua kunyamaza, mweleze huyo. Na sisi wengine tujitazame: tunaomba novena kwa ajili ya walevi, halafu somo wa jumuiya anasherehekewa kwa kreti za bia, na asiyekunywa anaulizwa kama ni mgonjwa.

Kwa mama mkwe, usijitetee sana. Mwulize siku moja, mkiwa wawili, juu ya mwanawe aliyeuawa. Huenda naye hajawahi kuulizwa, na anakulaumu wewe kwa kuwa wewe ndiye uliye karibu.

Sasa nina neno na bwana. Ndiyo, wewe, mzee, unayelisoma gazeti hili kwa sababu mtu ameliacha wazi juu ya meza makusudi. Sitakuita mlevi. Nakuuliza tu kama umechoka. Kuna simu ya serikali ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, namba 1192, haina malipo na hawakuulizi wewe ni nani wa nani. Ama nenda hospitali ya kaunti mwenyewe ukamwambie daktari mambo mawili, sio moja: kiasi unachokunywa, bila kupunguza, na kwamba huwezi kulala tangu mwaka 2008. Ukisema la kwanza tu watatibu nusu. Wakikutuma kwa mshauri, si lazima umweleze yote siku ya kwanza. Mwambie, "Kuna mambo niliona," inatosha kwa siku hiyo. Na kama kuna mkutano wa wenzako walioacha karibu nanyi, nenda ukakae nyuma, karibu na mlango kama unapenda. Hutaulizwa jina la ukoo, kabila wala parokia. Unaweza kunyamaza mpaka mwisho, ukanywa chai, ukarudi nyumbani kabla giza halijaingia.